Joka Litambaalo: Maneno ya vita katika lugha ya nchi isiyo na jeshi

Alfajiri ya tarehe 10 Mei 1940, wakazi wa Reykjavík, mji mkuu wa Aisilandi, waliamshwa na mlio wa ndege. Ndege yenyewe ilikuwa imerushwa kutoka kwenye meli ya Kiingereza iliyokuwa bado nje ya ghuba, na haukupita muda mrefu meli zikaanza kuonekana: Berwick, Glasgow, Fearless na Fortune. Ndani yake walikuwamo askari 746 waliotumwa kuiteka Aisilandi, nchi iliyojitangaza tangu 1918 kwamba haiegemei upande wowote, na ambayo haikuwa na jeshi hata la kupigia gwaride. Watu wakajazana gatini kutazama. Balozi mdogo wa Uingereza akamwomba polisi awasogeze nyuma kidogo ili askari wapate pa kushukia, na polisi akawasogeza. Nchi ikawa imetekwa.

Kwa Kiingereza, meli mbili za kwanza ni za aina ya "cruiser", mbili za mwisho ni "destroyer", na wale askari ni "marines", wanamaji wanaoshushwa kupigana nchi kavu. Mwaisilandi anayeisimulia siku hiyo kwa lugha yake hatumii hata moja ya maneno hayo. Atasema "beitiskip", atasema "tundurspillir", na wale askari atawaita "landgönguliðar". Hajawahi kumiliki meli za aina hiyo, babu yake hakuwahi kupiga kwata, na bado maneno anayo, tena yameumbwa kwa mbao za nyumbani. Sisi wenye majeshi tunasema kapteni, meja, kanali, bomu, manowari. Nani atuambie leo kwamba ndani ya "manowari" wamejificha Waingereza wakisema "man-of-war"?

Ukitaka kuyafungua maneno ya Kiaisilandi, jifunze jambo moja tu la sarufi. Kiswahili humtanguliza mkubwa na kumfuatisha mdogo: meli ya vita, boti ya doria. Kiaisilandi hufanya kinyume, kisha huyagandisha yote yawe neno moja. "Her" ni jeshi, "skip" ni meli, basi "herskip" ni meli ya kivita. Neno likiwa refu kama treni, anzia behewa la nyuma. "Tundurskeytabátur" linatisha, lakini mwisho wake ni "bátur", boti, kwa hiyo ujue mapema kwamba ni boti ya namna fulani. Kilichobaki ni kujua inabeba nini.

Katika matamshi, Mswahili ana bahati. Herufi þ ni th ya thamani, na ð ni dh ya dhahabu. Mjerumani na Mfaransa hutoka jasho hapo, ilhali mtoto wa madrasa anazitenganisha sauti hizo kabla hajaota meno ya ukubwani. Æ ni "ai". Basi twende.

Ile boti yenye jina refu, "tundurskeytabátur", inabeba "tundurskeyti". "Tundur" ni kitu kishikacho moto, kama makumbi makavu ya kuwashia, na katika maneno ya baharini limekuwa jina la baruti yenye kulipuka. "Skeyti" ni kirushwacho, mshale kwa asili. Hiyo ndiyo topido. Waingereza waliichukua "torpedo" kutoka jina la Kilatini la samaki, yule taa anayepiga umeme, na jina hilo halikuambii chochote ikiwa humjui samaki mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 boti ndogo zenye topido zilikuwa tishio kwa meli kubwa, ikabidi iundwe meli ya mbio ya kuziwinda. Waingereza wakaiita kwa jina refu lenye maana ya "mwangamizi wa boti za topido". Jina lilikuwa mzigo mdomoni, likakatwa, likabaki "destroyer", mwangamizi tu. Mwangamizi wa nini? Neno halisemi tena. Kiaisilandi kilikata upande mwingine: "tundurspillir", mharibifu wa tundur. Kipande ambacho Waingereza walikitupa ndicho Waaisilandi walichokihifadhi. Mtu akisoma historia ya vita vya majini kwa Kiaisilandi, jina la meli linamkumbusha kila mara kwa nini meli hiyo ilizaliwa.

"Beitiskip" ni tamu zaidi kwa watu wa pwani. Katika Kiaisilandi cha kale kitenzi "beita" kina matumizi ya kibaharia: kuubisha upepo, kwenda ukikata kushoto na kulia dhidi yake, kama jahazi linavyorudi nyumbani wakati upepo umelikataa. "Cruiser" nayo ina asili ya Kiholanzi ya kukatiza huku na huku. Lugha mbili, picha moja: meli isiyokaa mahali, inayozunguka bahari ikitafuta. Meli ya kubebea ndege ni "flugmóðurskip", na ukilisoma kutoka behewa la nyuma unapata meli, mama, kuruka. Waingereza waliona mbebaji. Waaisilandi wakamwona kuku na vifaranga vyake. Nyambizi ni "kafbátur", boti ya kuzama, na mzamiaji ni "kafari". Hapa hatuna cha kuwaonea wivu, maana katika "nyambizi" na sisi tunaisikia mbizi.

Kisha kuna kifaru. Chombo hiki kiliingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, huko Somme, Ufaransa. Walipokuwa wakikiunda, Waingereza walitaka kuficha siri, wakakisingizia kuwa ni matangi ya maji. Uongo ukafanikiwa kupita kiasi: jina la bandia likaganda, na mpaka leo Waingereza na nusu ya dunia wanaita silaha hiyo tangi. Kiaisilandi hakikuhusika na siri hiyo, kikakiita kile kinachoonekana: "skriðdreki". "Skríða" ni kutambaa, "dreki" ni joka. Joka litambaalo. Sisi tulikiangalia chuma kile kile, chenye ngozi ngumu na mtutu uliochongoka mbele, tukamwona mnyama tunayemjua. Wao hawana kifaru, hata nyoka hawana. Wana hadithi za majoka, na katika lugha yao joka lilikuwa pia jina la jahazi la vita la wazee wao. Kila mmoja alikwenda kuchukua mnyama katika zizi lake.

Mzinga nao tulifanya hivyo hivyo. Gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki, wakaja watu na gogo la chuma linalotema moto, neno likawa lile lile.

Lakini haya ya vyombo ndiyo rahisi. Chombo ukikiona unaweza kukipa jina. Ugumu unaanza pale neno moja la Kiingereza linapokuwa na vyumba vingi ndani. Chukua "mine". Kwa asili ni shimo la kuchimbia madini. Katika vita vya kale wachimbaji walipita chini ya kuta za ngome ili waziangushe, ndipo neno likahamia kwa baruti iliyofichwa ardhini, na baadaye kwa baruti inayoelea baharini. Mwingereza husema neno moja kwa yote matatu, na muktadha ndio unaomwokoa. Mwaisilandi ana matatu: "náma" kwa machimbo, "jarðsprengja", kilipukaji cha ardhini, na "tundurdufl", boya la tundur. Mfasiri hawezi kuandika mpaka ajue kitu kiko nchi kavu au majini. Kiswahili kinamdai vivyo hivyo: mgodi ni mbali na bomu lililotegwa ardhini.

"Captain" ni mtego mbaya zaidi. Katika jeshi la nchi kavu la Uingereza, "captain" ni ofisa mdogo anayeweza kuongoza watu mia hivi. Katika jeshi la majini, "captain" ni mkubwa, analingana na kanali. Nje ya jeshi neno hilo humfaa mwenye meli ya mizigo, rubani mkuu wa ndege, na mchezaji anayevaa kitambaa mkononi. Kiaisilandi kinamgawa mtu huyu vipande vitano. Wa meli ya uvuvi au ya mizigo ni "skipstjóri", mwendesha meli. Wa ndege ni "flugstjóri". Wa meli ya doria ya serikali ni "skipherra", bwana wa meli. Wa jeshi la nchi kavu ni "höfuðsmaður", au kwa neno la kuazima, "kapteinn". Wa timu ya mpira ni "fyrirliði". Mfasiri akikutana na "captain" wa meli ya kivita akaandika "kapteinn", amemshusha mtu vyeo kwa kalamu tu. Mwandishi wa habari wa Kiswahili anayeandika "kapteni" bila kuuliza ni wa maji au wa nchi kavu anafanya kosa lile lile, na silaumu, nimeshalifanya. Ajabu yetu sisi ni kwamba nahodha tumemtoa chomboni na kumpeleka uwanjani bila hata kumbadilisha jina, na rubani, aliyekuwa mwongoza chombo baharini, tumempandisha angani.

Ngazi ya vyeo kwa ujumla ndipo usafi wa Kiaisilandi unapochakaa. Jenerali ana neno zuri, "hershöfðingi", mkuu wa jeshi. Sajini ni "liðþjálfi", mfunza kikosi. Ila kanali ni "ofursti", lenye asili ya Kijerumani, na meja ni "majór". Admirali ana mawili, "flotaforingi", kiongozi wa kundi la meli, na "aðmíráll", ambalo ni neno la Kiarabu lililozunguka Ulaya nzima kabla ya kufika kule kaskazini. Ndani yake yumo amiri, yule yule wa amiri jeshi wetu. Majina ya vikosi ndiyo yanayochanganya kuliko yote. "Herdeild", "hersveit", "herfylki": yote ni mafungu ya askari, na mfasiri mmoja hulitumia kwa batalioni, mwingine kwa brigedi au divisheni.

Nadhani sababu inaonekana wazi. Cheo hakionekani kwa macho kama kifaru. Cheo ni mshahara, ni nani anampigia nani saluti, ni nani atakayeshika amri mkubwa akiuawa. Mambo hayo hunolewa kambini kila siku, na Aisilandi hakukuwa na kambi. Luteni, koplo na sajini walitufikia sisi pamoja na jeshi la mkoloni lililowaita hivyo asubuhi na jioni, ndiyo maana vimetulia mahali pake hata kama vimeazimwa. Waaisilandi walikuwa wakitaja vyeo vya watu wengine kutoka mbali, vitabuni na magazetini.

Na pale askari wa kigeni walipofika kweli, wakakaa, wakaajiri watu, wakanunua samaki, lugha ilifanya nini? Iliazima kama lugha nyingine yoyote. Mabanda ya bati ya mviringo yaliyosimikwa na Waingereza, kisha Wamarekani waliowapokea kuanzia Julai 1941, yaliitwa "braggi", kutoka neno la Kiingereza la kambi, na baada ya vita familia zisizo na nyumba zilihamia humo kwa miaka. Gari la jeshi la Kimarekani likawa "jeppi", na leo gari lolote la kupanda milima ni jeppi. Mmarekani akawa "Kani", Mwingereza "Tjalli". Uvamizi wenyewe lakini uliitwa kwa Kiaisilandi safi: "hernám". "Nám" ni kuchukua. "Landnám" ni kule kuichukua ardhi kulikofanywa na mababu waliohamia kisiwani karne ya 9, na "nám" peke yake ni masomo, kuchukua elimu. Hernám ni nchi kuchukuliwa na jeshi. Neno moja la heshima likatiwa herufi tatu mbele, likawa chungu.

Deni nalo halikwenda upande mmoja. Katika orodha ya silaha za kasri la Windsor ya miaka ya 1330 na 1331 kuna mtambo mkubwa wa kurushia uliopewa jina la kike kwa Kilatini, Domina Gunilda. Jina hilo ni la Kinordiki, lugha ya mababu wa Waaisilandi, Gunnhildr, lililoungwa kwa "gunnr" na "hildr", na yote mawili maana yake ni vita. Wachunguzi wengi wa asili ya maneno wanaona kwamba "gun" ya Kiingereza imetoka kwa bibi huyu. Waaisilandi bado wanawaita mabinti zao Gunnhildur. Bunduki je, wanaiitaje? "Byssa", neno lililowafikia kutoka Kijerumani cha kaskazini, na asili yake ni kikopo. Wenye lugha inayosifiwa kwa kulinda mali yake wanashika silaha yenye jina la kigeni, huku Waingereza wakishika silaha yenye jina la mwanamke wa Kinordiki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni rada. "Radar" ilibuniwa mwaka 1940 na jeshi la majini la Marekani kwa kuunganisha herufi za mwanzo za maneno kadhaa. Kiaisilandi kikaunda "ratsjá": "rata" ni kuijua njia, "sjá" ni kuona. Kionanjia. Ukilitamka haraka linasikika kama ndugu wa lile la Kiingereza, na bado kila kipande ni cha nyumbani. Helikopta ni "þyrla", kutokana na kuzunguka kwa kasi kama kimbunga, na ndege ya jeti ni "þota", kutokana na kupita kwa mvumo. Si kila ubunifu unashinda, lakini. Kwa ndege zisizo na rubani wametengeneza "flygildi", neno la kupendeza, na watu mitaani wanasema "dróni".

Vita pekee ambavyo Aisilandi huru imepigana na Uingereza vilikuwa vya samaki, na humo maneno yalikuwa silaha. Mpaka wa uvuvi ulisogezwa hadi maili 12 mwaka 1958, 50 mwaka 1972, na 200 mwaka 1975. Kila mara Waingereza walikataa, wakaja na meli za uvuvi zikisindikizwa na meli za kivita, na mara ya mwisho wakatia saini makubaliano mwezi Juni 1976. Aisilandi ilikuwa na meli chache za doria zenye majina ya miungu ya kale, Þór, Týr, Óðinn, Ægir. (Waingereza nao wanaye Thor, katika jina lao la Alhamisi. Waaisilandi walimwondoa kwenye wiki karne nyingi zilizopita, wakaiita "fimmtudagur", siku ya tano, ambayo ndiyo maana ya Alhamisi kwa Kiarabu.) Silaha yao kubwa ilikuwa "togvíraklippur", mkasi wa nyaya za nyavu, chuma chenye makali kilichoburutwa nyuma ya meli ili kukata nyaya za jarife la mvuvi. Ægir aliutumia kwa mara ya kwanza tarehe 5 Septemba 1972. Meli za kivita za Uingereza zilizokuja kuwazuia waliziita "freigáta", jina la kigeni lililobaki tangu zama za matanga.

Magazeti ya Uingereza yaliziita meli za Aisilandi boti za mizinga. Kwa Kiaisilandi zilikuwa "varðskip", meli za ulinzi. Meli ile ile, siku ile ile. Mwingereza anamwona mchokozi mwenye mzinga, Mwaisilandi anamwona mlinzi wa lango. Jina la idara yenyewe, iliyoanzishwa 1926, ni "Landhelgisgæslan". Kiingereza hulifasiri kuwa walinzi wa pwani, na hapo kitu kimemwagika. "Landhelgi" ni maji ya nchi, lakini "helgi" ni utakatifu, hali ya kutoguswa. Wanaolinda pwani wanalinda mchanga na mawe. Hawa wanalinda utakatifu wa nchi, nao ulikuwa umesogezwa hadi maili 200 baharini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, siasa ya ndani nayo ilipigania maneno. Aisilandi ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO mwaka 1949, na kuanzia 1951 askari wa Marekani wakawa na kambi katika mji wa Keflavík. Serikali iliwaita "Varnarliðið", kikosi cha kujihami. Waliowapinga waliwaita "herinn", jeshi, na kauli mbiu yao kwa miaka mingi ilikuwa Aisilandi itoke NATO na jeshi liondoke. Neno ulilolitumia mezani lilimwambia mwenyeji wako unapiga kura wapi. Mfasiri wa Kiingereza anayeandika kwa pande zote mbili "Wamarekani wa Keflavík" ameufuta ugomvi wote.

Wamarekani waliondoka mwaka 2006. Ratsjá ziliachwa, na leo ziko chini ya idara ile ile ya pwani. Ndege za kivita za nchi wanachama wa NATO huja kwa zamu kulinda anga, na kazi hiyo imepewa jina la "loftrýmisgæsla". Waaisilandi wanaotumwa nje kulinda amani wanafanya "friðargæsla". Behewa la nyuma ni lile lile mara zote, "gæsla", uangalizi, kumkalia mtu au kitu kisipatwe na baya. Mzazi wa Reykjavík anayetaka kutoka jioni na kumwacha mwanawe na mtu anatafuta "barnagæsla".